Mchoro Usio na Mbele wala Nyuma

Letisia alipofiwa na mtoto aliyekuwa bado ananyonya, majirani zake wa Gendabi walitenda kama wazazi wao walivyotenda kule Mbulu: walimpa pole wakiwa wamesimama mbali, kisha wakaiacha njia inayopita mbele ya nyumba yake. Hali hiyo kwa Kiiraqw huitwa metimani. Nyumba iliyo katika metimani haiazimi moto wala haiazimwi. Watu wake huteka maji mahali pao, ng'ombe wao hulisha peke yao, na chochote walichokishika hakiguswi na mtu mwingine, kwa kuogopa kifo kisimfuate nyumbani, mpaka wazee watangaze kwamba muda umekwisha. Padri alihubiri dhidi ya desturi hiyo kila mwaka. Waumini walimsikiliza kwa adabu, wakaitikia amina, wakarudi nyumbani kuitimiza.

Mumewe, Tadeo Margwe, alikuwa fundi wa ndege katika shamba la ngano la serikali, lile lililoyakata malisho ya nyanda za Hanang kwa mistari iliyonyooka kama ya rula. Shamba lilikuwa na ndege moja ndogo ya kunyunyizia dawa, yenye kiti kimoja tu na tangi kubwa mbele ya rubani. Injini ilikuwa mikononi mwa Joakimu Sulle, kaka yake Letisia wa tumbo moja, mzaliwa wa Bashay, ambaye ndiye aliyemwombea shemeji yake kazi. Mabawa, mkia na kebo za usukani vilikuwa mikononi mwa Tadeo. Juu yao alikuwako mtaalamu wa kigeni, lakini mkataba wake ulikwisha. Aliondoka akiwa amekwisha kuzitoa kebo kuukuu za mabawa na kuzitupa, kabla kebo mpya hazijafika. Nyuma yake aliacha sakafu wazi chini ya kiti cha rubani, na kitabu juu ya meza.

Kebo mpya zilifika mwezi uleule ambao Letisia alimzika mtoto. Kwelea kwelea nao, wale ndege walao nafaka, walikuwa wameshaonekana Basotu, na ngano ilikuwa imeanza kushika punje. Meneja akatuma neno Gendabi kwamba shamba halifungwi kwa ajili ya msiba wa mtu mmoja.

“Wakikuona watakukimbia,” Letisia alimwambia mumewe.

“Wacha wakimbie. Ndege haikimbii.”

“Na Joakimu?”

“Joakimu ni kaka yako. Kama amekuja kazini amevaa rozari shingoni, atakumbuka anaivalia nini.”

Joakimu hakukumbuka. Tadeo alipoingia karakana alikuta spana zimetengwa mafungu mawili, na fungu lake limewekwa juu ya gunia karibu na mlango. Joakimu alikuwa upande wa pili wa ndege, akifuta kwa tambara mikono ambayo haikuwa na uchafu.

“Karibu kazini, shemeji. Pole sana kwa yaliyowapata.”

“Ahsante. Spana zangu zimefanya kosa gani?”

“Zile ni zako, hizi ni zangu. Usiniguse nisikuguse, mpaka wazee waseme. Nina watoto wadogo nyumbani, unajua mwenyewe. Usinielewe vibaya.”

“Nimekuelewa vizuri kabisa.”

Rubani alikuwa ameketi juu ya pipa la mafuta, akila karanga. Huyu alikuwa Zubery, mwana wa Shumbana, mwenye duka la vitambaa Katesh, na hakuwa na uwezo wa kunyamaza mahali palipo na watu wawili.

“Nyinyi watu wa Mbulu mtaniua kwa kicheko,” alisema. “Jumapili mnakula meza moja na Bwana wenu, Jumatatu mnaogopa spana ya shemeji!”

“Wewe kazi yako kurusha ndege,” Joakimu alimjibu. “Ya Mbulu waachie watu wa Mbulu.”

“Nirushe nini, bwana? Ndege yenyewe haina usukani. Nikiirusha hivi ilivyo, nitaishia kuvuna ngano kwa pua.”

Hata Tadeo alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe, naye alimshukuru Zubery moyoni kwa jambo hilo.

Kisha akafungua kitabu.

Si kweli kwamba lugha ilimshinda, ingawa baadaye walipatikana watu wa kusema hivyo. Tadeo alisomeshwa na mapadri mpaka darasa la mwisho la shule ya kati, akaongezewa miaka ya ufundi, na Kiingereza cha kitabu kile alikisoma pasipo shida. Tabu haikuwa katika maneno yaliyoandikwa. Tabu ilikuwa katika maneno ambayo aliyekiandika hakuona haja ya kuyaandika. Ukurasa ulisema kwamba kufunga kebo ni kinyume cha kuzifungua. Lakini aliyezifungua alikuwa ameshavuka bahari. Ukurasa ulisema kwamba kebo zifungwe kama mchoro unavyoonyesha; na mchoro ulionyesha sakafu ya kiti, kapi mbili za kuzungushia kebo, kebo mbili, herufi A upande huu na herufi B upande ule. Haukuonyesha pua ya ndege wala mkia wake. Haukusema kama mchoraji alisimama mbele akatazama nyuma, au alisimama nyuma akatazama mbele. Aliyeuchora alijua, na kwa kuwa alijua, hakuona kwamba kuna la kujulishwa mwingine.

Kama ncha za kebo zingetofautiana ukubwa, chuma chenyewe kingemkatalia fundi. Lakini zilikuwa sawasawa. Kila moja iliingia popote ilipopelekwa.

Tadeo aliinama juu ya kile kiti akitokea upande wa injini, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nafasi ya kuweka mabega, akauweka ukurasa mbele yake kama alivyosimama, akafunga A mahali alipoiona A, na B mahali alipoiona B. Akakaza, akapiga kufuli za waya ili zisilegee. Kazi ilikuwa safi. Ilikuwa imegeuzwa, kushoto kulia na kulia kushoto, lakini ilikuwa safi.

Baada ya hapo kitabu kilikuwa na sentensi moja zaidi: fundi ahakikishe kwamba vibawa, yaani vile vipande vinavyopanda na kushuka nyuma ya kila bawa ili kuilaza ndege upande, vinasogea kwa wepesi na ipasavyo. Ipasavyo ni vipi, hakikusema. Wala hakikusema kwamba ukaguzi huo unataka watu wawili.

Karakana, hata hivyo, ilikuwa na desturi yake, ambayo mtaalamu wa kigeni aliwazoeza bila kuiandika popote. Mmoja aliketi kitini mwa rubani akalaza usukani, akaita, “Kushoto!” Mwenzake alisimama nyuma ya bawa, kiganja juu ya kibawa, akaitika, “Juu!” au, “Chini!” kwa jinsi alivyosikia mkononi. Kisha wakabadilishana, aliyekuwa nje akaingia ndani. Mtu huweza kukosea peke yake siku nzima. Ni vigumu kukosea akiwa na mwenzake anayemjibu.

“Joakimu,” Tadeo aliita. “Nimemaliza. Njoo tuitane.”

Joakimu alitazama kiti ambacho shemeji yake alikuwa amekiegemea tangu asubuhi. Akatazama usukani alioushika.

“Wewe itazame tu, shemeji. Kazi yako naiamini.”

“Siombi imani. Naomba mkono wako kwenye kibawa.”

“Ulichokishika wewe?”

“Kifute kwa mafuta ya taa, ukitaka.”

“Mafuta ya taa hayaondoi kitu hicho, na wewe unajua. Usinilazimishe, Tadeo. Wewe ungekuwa mimi, ungefanya nini?”

Swali hilo lilikuwa la haki. Kabla ya msiba wake, yeye mwenyewe aliwahi kuzunguka njia ndefu ili asipite mbele ya mji wa mjane mmoja huko kwao Masieda.

Basi alikagua peke yake. Alisimama juu ya bawa, mbele ya kiti, uso ukielekea mkia, akanyoosha mkono ndani akaulaza usukani upande mmoja, kisha upande wa pili. Vibawa vilipanda na kushuka kwa wepesi, bila kukwama. Upande alikoulaza usukani ndio ambao kibawa chake kilipaswa kupanda. Yeye aliulaza kushoto kwake, akatazama bawa ambalo rubani huliita la kushoto, akakiona kibawa chake kikipanda, akaridhika. Lakini kwa namna alivyosimama, kushoto kwake kulikuwa kulia kwa rubani. Mkono na mchoro vilikuwa vimepotea pamoja, kwa hiyo vilikubaliana.

Kwelea kwelea waliifikia ngano ya shamba kabla ya jua kupanda kesho yake. Zubery alikuja akikimbia huku akifunga vifungo vya shati.

“Mmekagua wawili?” aliuliza, kwa kuwa hiyo ilikuwa sheria yake, na hakuwahi kuiacha.

Joakimu, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa karakana, alimwinulia kidole gumba.

Tadeo alikiona kidole kile. Alifungua mdomo. Meneja alikuwa amesimama pale, kwelea kwelea walikuwa wanashuka juu ya ngano kama moshi, na aliyeinua kidole alikuwa kaka wa mkewe, aliyemwombea kazi. Aliufunga mdomo tena. Zubery aliutikisa usukani huku na huku, akauona kuwa mwepesi, akawasha injini.

Ndege iliinuka vizuri. Ilipoacha ardhi, upepo utokao mlimani ulilinyanyua kidogo bawa la kushoto, jambo la kila siku, na rubani akaulaza usukani kushoto ili kulishusha. Bawa likapanda zaidi. Akaongeza. Likapanda zaidi tena. Mtu aliye juu ya ardhi kwa kimo cha mti hana nafasi ya kugundua kwamba mikono yake imebadilishiwa maana. Alifanya kwa nguvu zaidi kile ambacho kingemwokoa katika ndege nyingine yoyote, na ndege ikajipindua, ikaingia katika ngano kwa mgongo.

Hajira, mama yake Zubery, alipewa mwili uliokwisha kuvingirishwa, akaombwa asiufungue.

*

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Sukari iliyofichwa uvunguni ilikuwa hujuma. Trekta lililoharibika kabla ya wakati lilikuwa hujuma mpaka ithibitishwe vinginevyo. Habari zilipofika Gendabi kwamba tume inakuja kutoka Dar es Salaam kuchunguza ndege ya serikali iliyoanguka, Letisia hakuhitaji kuelezwa.

“Wakisema nilikosea, nitafukuzwa kazi,” Tadeo alimwambia. “Tutarudi Masieda tulime viazi. Wakisema nilikusudia, ni kifungo. Kati ya mawili hayo yuko Joakimu peke yake.”

“Aseme nini?”

“Ukweli tu. Kwamba hakugusa ndege. Nikiwa nimekagua peke yangu kwa kitabu kile, mtu mwenye akili ataona jinsi kosa lilivyopita. Lakini akisema alikagua akakuta sawa, basi aliyeharibu baadaye ni nani?”

Letisia alijifunga kaniki, akatoka kwenda kwa kaka yake. Tangu mazishi hakuwa ameikanyaga njia ya watu. Wanawake waliokuwa wakirudi kisimani walimwona, wakaingia shambani na ndoo zao vichwani, wakasimama katikati ya mahindi mpaka apite.

Efrazia, mke wa Joakimu, alimwona kabla hajafika penye ua.

“Simama hapo hapo, wifi! Usisogee! Watoto, ingieni ndani!”

“Sikuja kula kwako, Efrazia. Niitie kaka yangu.”

“Hakuna mtu anayekunyima kaka yako. Muda wako ukiisha utakuja, tutakuchinjia. Leo rudi.”

“Muda wangu ukiisha, mume wangu atakuwa jela. Mwite.”

Joakimu alitoka, akasimama mbali na ua kwa ndani, kama Letisia alivyosimama mbali na ua kwa nje. Walikuwa wamelelewa katika blanketi moja.

“Letisia, unaniletea nini mlangoni?”

“Nakuletea miguu yangu tu. Kaka, wakikuuliza, sema kwamba hukupanda kwenye ndege.”

“Wataniuliza kwa nini sikupanda.”

“Uwaambie.”

“Niwaambie nini? Nisimame mbele ya mhandisi mwenye tai, aliyesoma Ulaya, nimwambie kwamba mimi, fundi wa injini, mzee wa kanisa, niliogopa maziwa ya mtoto aliyekufa? Atanicheka. Akimaliza kucheka atanifukuza. Watoto hawa umewasikia, ni sita.”

“Wangu ni mmoja, na yuko chini ya udongo. Nakuomba baba yake tu.”

“Sitasema uongo wowote juu ya Tadeo.”

“Sikukuuliza kama utasema uongo. Nimekuuliza kama utasema kweli.”

Joakimu alitazama chini. “Nenda nyumbani, mdogo wangu,” alisema. “Jua ni kali.”

*

Tume iliketi katika bwalo la wafanyakazi. Wajumbe walikuwa watatu, na mwenyekiti alikuwa mhandisi, mtu mstaarabu aliyewaruhusu wafanyakazi wote waingie wasikilize, ili isisemwe kwamba jambo lilifanyika gizani. Bwalo lilijaa mpaka madirishani. Takriban wote waliomo walikuwa watu wa Mbulu na Hanang.

Tadeo alisimama na kitabu.

“Mheshimiwa, mchoro huu hausemi umetazamwa kutoka wapi. Mtu akisimama mbele, unamwelekeza hivi. Akisimama nyuma, unamwelekeza vile. Yote mawili yanafungika.”

Mwenyekiti alikipokea kitabu, akatazama mara moja tu.

“Umetazamwa kutoka nyuma. Michoro ya kampuni hii yote hutazamwa kutoka nyuma.”

“Imeandikwa wapi, mheshimiwa?”

“Haina haja ya kuandikwa. Nilifundishwa hivyo kiwandani kwao.”

“Mimi sikufika kiwandani kwao.”

“Hilo naliona,” alisema mwenyekiti, na watu waliokaa karibu naye wakacheka. “Bwana Margwe, marubani wangapi duniani wanaruka leo kwa kitabu hikihiki? Kitabu kimewaua wote?”

Tadeo alielewa wakati huo kwamba kitabu hakingeshitakiwa. Kilikuwa kimetoka mbali mno, na kilikuwa na jalada gumu mno.

Akaitwa Joakimu. Letisia alikuwa amesimama nje ya mlango wa nyuma, penye kivuli cha tangi la maji, mahali ambapo wote walimpisha na hakuna aliyemfukuza. Alisikia kila neno.

“Tumeambiwa desturi ya karakana inataka mafundi wawili wakague. Mlikagua?”

“Ndiyo, mheshimiwa.”

“Wewe mwenyewe?”

Kabla ya kujibu, Joakimu aliyaona yote aliyomwambia dada yake uani: tai, kicheko, watoto.

“Mimi mwenyewe.”

“Ukaonaje?”

“Nilipoondoka, kila kitu kilikuwa sawa.”

“Kilikuwa sawa.” Mwenyekiti aliweka kalamu chini. “Lakini tumeikuta ndege ina kebo zilizopishanishwa. Baada ya wewe kuondoka, nani alibaki nayo?”

Sasa ndipo Joakimu alipouona mlango alioufungua. Hakuwa mtu mwovu. Aliutafuta mlango mwingine kwa macho, juu ya dari, sakafuni, nyusoni mwa watu. Haukuwapo.

“Tadeo,” alisema.

Letisia aliingia.

“Kaka, hukupanda,” alisema kwa sauti ya kawaida, akitembea katikati ya mabenchi. “Hukuweka mkono. Uliogopa—”

Hakumaliza sentensi ya tatu. Mabenchi yalikuwa yameanza kulia sakafuni. Aliyekuwa karibu naye aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Wa pili akamfuata, kisha safu nzima, kisha bwalo zima, wanaume wazima waliozoea matrekta na sumu za mapipa, wakisukumana milangoni, wakitoka madirishani, bila neno, wakiwa wameshika kofia zao ili zisimguse. Joakimu alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukafika ukutani, akabaki hapo ameinua viganja. Pakabaki vumbi, wajumbe watatu, Tadeo, na mwanamke mmoja mwenye kaniki.

Ushahidi ulio wazi kuliko huo haukupata kutolewa mbele ya tume yoyote. Watu wote wa shamba walikuwa wameonyesha kwa miguu yao kwa nini fundi mmoja alikagua ndege peke yake. Wajumbe watatu waliutazama kwa macho yao wenyewe, wala hawakuona kitu.

“Huyu mama ni nani?” mwenyekiti aliuliza.

“Ni mke wa mshitakiwa,” akajibu mjumbe wa kulia kwake.

“Mnaona chuki waliyonayo wafanyakazi kwa familia hii. Hawawezi hata kukaa nao chumba kimoja.” Akamgeukia mjumbe aliyekuwa akiandika. “Liingize hilo.”

“Mheshimiwa, siyo chuki,” Letisia alisema. “Nilifiwa na mtoto. Kwetu mtu akifiwa na mtoto wa titi—”

“Pole sana, mama. Lakini hapa tunazungumza habari za ndege.”

“Ni za ndege hizo hizo.”

“Mama, tafadhali.”

Letisia alimtazama Tadeo, ili aongeze neno. Tadeo alikuwa amesimama na mikono yake ikining'inia, akimwangalia Joakimu pale ukutani, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hesabu imemtokea mwishoni, nayo haina faida tena. “Ungekuwa mimi, ungefanya nini?” Joakimu aliwahi kumwuliza. Huenda alikuwa bado anamtafutia jibu. Tadeo alichukuliwa kwa Landrova kabla wafanyakazi hawajarudi kuchukua mabenchi.

Mahakamani Arusha kesi haikuchukua muda. Alipewa miaka kumi na miwili.

*

Wazee walikuja Gendabi baada ya mvua za mwaka uliofuata. Mzee Qamara aliwaongoza. Nyuma yake walikuwapo majirani, na Efrazia akiwa na kibuyu cha pombe ya mtama, na Joakimu akimvuta kondoo. Walikuwa wamevaa vizuri. Letisia alitoka, akasimama mlangoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Muda wako umekwisha. Leo tutachinja, tutakunywa kikombe kimoja, na kesho utateka maji na wenzako. Umevumilia vizuri. Hukuleta madhara kwa mtu.”

“Nashukuru, mzee. Kabla hamjachinja, nina swali moja kwa kaka yangu. Ajibu mbele yenu.”

“Uliza. Ni haki yako.”

“Kaka, siku ile karakana, ulipanda kwenye ndege?”

Joakimu hakusita hata kidogo. Alikuwa miongoni mwa watu wake, na hapakuwa na tai.

“Sikupanda,” alisema. “Wazee wangu, sikuigusa. Shemeji alinisihi, nami nilikataa. Nyumba yake ilikuwa metimani, nami nina watoto.”

Wazee waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema, “Umefanya vema.” Mwingine akaongeza kwamba vijana wa siku hizi wangepanda tu, na kwamba ni heri bado wapo wanaoheshimu mambo. Efrazia alimtazama mumewe kwa fahari. Haikuwapo nafsi moja pale iliyokuwa na shaka kwamba lile lililosemwa ni kweli, wala iliyowahi kuwa na shaka.

“Basi kesho asubuhi twende Arusha, kaka,” Letisia alisema. “Ukaseme hivyohivyo. Nitakulipia nauli ya basi.”

Watu walitazama chini. Kondoo alivuta kamba kuelekea kwenye majani.

“Letisia,” Joakimu alisema polepole, “huko hawataelewa.”

“Hapa wameelewa?”

“Hapa ni nyumbani.”

“Binti yangu,” Mzee Qamara aliingilia, kwa upole wa kweli, “mambo ya serikali yameshapita. Aliyefungwa amefungwa, siku zake nazo zitaisha, kama zako zilivyoisha. Leo ni siku ya furaha. Mwache kaka yako.”

Letisia aliwatazama mmoja mmoja: Qamara, ambaye siku ile alikuwa bwaloni na alitoka kwa dirisha, jirani wa juu, aliyetoka kwa mlango, Efrazia na kibuyu chake, na huyu wa tumbo moja naye, anayesema kweli kwa ufasaha mkubwa hivi mahali ambapo haimgharimu kitu.

“Mrudisheni kondoo,” alisema. “Muda wenu nyinyi haujaisha.”

Qamara alidhani hakusikia sawasawa, akamwomba aseme tena. Letisia aliingia ndani, akaufunga mlango, na wageni wakabaki uani wakishauriana kama ni halali kumchinja kondoo yule, au ni lazima arudi hai kwa Joakimu.